Somo: Jinsi ya kuchagua wingsuti yako ya kwanza

Wakuu habari zenu. Naona wengi mnaulizia wingsuti, yaani ile suti yenye mabawa ya kitambaa inayovaliwa na waruka kwa parachuti kutoka kwenye ndege, na kila mtu anataka kujua ipi inaenda mbali, ipi inakaa hewani muda mrefu. Kwa suti ya kwanza hayo weka pembeni kabisa. Jiulize hivi: nikiwa nimeivaa, nazunguka hovyo na sijui juu wapi chini wapi, nitaweza kukunja mabawa, nikashika kishikio cha kiparachuti cha kuvutia (kile kidogo kinachovuta parachuti kuu itoke) na kukirusha? Ukiwa na jibu la hilo umeshachagua nusu.

Hatua ya 1, miruko kwanza. USPA, chama cha waruka kwa parachuti cha Marekani, inataka angalau miruko 200 ya kawaida ya parachuti kabla hujavaa wingsuti mara ya kwanza. Msione wanabana watu bure, hapo ndo mkono unakuwa umezoea kwenda kwenye kishikio wenyewe, altimita (kipimo cha urefu uliopo) unaisoma bila kuhangaika, na hivyo vitu ndo vya kwanza kupotea ukibanwa mikono na miguu. Kama hujafika fanya sana trekingi, kule kuteleza mbele na mwili wako tu, itakusaidia mno.

Hatua ya 2, elewa unachonunua. Mabawa ni matatu, mawili ya mikono na moja katikati ya miguu, kitambaa tabaka mbili chenye midomo ya kuingiza hewa, hewa ikijaa bawa linakakamaa. Bila suti unashuka kama kilomita 200 kwa saa, ukiivaa na ukairusha vizuri unashuka chini ya nusu ya hapo, ndo maana watu wanaipenda. Sasa kitambaa kikizidi raha inaongezeka na shida inaongezeka, bawa kubwa la mkono linashuka mpaka kwenye nyonga kwa hiyo ukipeleka mkono nyuma unashika kitambaa badala ya kishikio, na hewa iliyojaa inagoma usikunje mkono, na ukilegeza bega moja kidogo tu tayari umeanza kuzunguka.

Hatua ya 3, chukua ndogo. Swift ya Squirrel au Shadow ya Phoenix-Fly zimetengenezwa kwa kumfikiria anayeanza, na kampuni nyingine nazo zina za aina hiyo. Muuzaji akikwambia hii kubwa utaizoea tu, achana naye.

Hatua ya 4 ndo ya muhimu kuliko zote, ijaribu ukiwa na parachuti mgongoni. Vaa kila kitu, helmeti, glavu kama unatumia, funga zipu zote, lala kifudifudi kwenye benchi halafu ufanye kama unafungua. Mikono yote miwili irudi nyuma pamoja na miguu uikunje, maana ukipeleka mkono mmoja tu utapinduka. Rudia mpaka uchoke, halafu rudia tena ukiwa umechoka hivyo hivyo. Vidole vikikutana na kitambaa kabla ya kishikio, au ukilazimika kujinyonga bega ndo ufike, hiyo suti haikufai hata kama ni ya bure. Angalia na vishikio viwili vya kifuani, cha kukata (kuiachia) parachuti kuu na cha kufungua parachuti ya akiba, vyote vionekane na visimezwe na kitambaa. Halafu mikanda ya miguu ya parachuti jamani!! Ukishavaa suti inafichika ndani, mwenzako akikukagua kwa nje haioni, kwa hiyo iguse kwa mkono wako kila mruko kabla hujafunga zipu.

Ukinunua ya mtumba kagua mishono, na ukikuta mtu kaongeza au kapunguza kitu kwa mikono yake mwenyewe usinunue. Patrick de Gayardon, Mfaransa aliyetuletea wingsuti ya kisasa miaka ya 1990, alifariki Hawaii mwaka 1998 akijaribu marekebisho aliyoyafanya kwenye vifaa vyake, na yule alikuwa bingwa wa mabingwa.

Hatua ya 5, parachuti kuu iwe ya upole, kubwa ya kutosha, ya seli 7 (vyumba vya hewa). Kiparachuti cha kuvutia kiwe kikubwa kidogo na utepe wake wa kukiunganisha na parachuti kuu uwe mrefu, sababu nyuma ya mgongo wako suti inaacha hewa iliyovurugika, kikiwa kidogo kinabaki kinachezacheza humo humo.

MASWALI

Swali: Mkuu nina miruko 120 ila nimekaa sana kwenye handaki la upepo (kile chumba cha upepo mkali unaokuelea mtu hewani), siwezi kuanza?
Jibu: Hapana kaka. Handaki linakufundisha mwili, halikufundishi kufungua wala kutafuta njia ya kurudi uwanjani. Malizia 200, halafu tafuta kocha wa wingsuti.

Swali: Si kile kifaa cha kufungua akiba chenyewe kitaniokoa?
Jibu: Usikitegemee. Cha kawaida kinasubiri ushuke kwa kasi ya kama mita 35 kwa sekunde, na ukiwa na wingsuti unaweza kuwa chini ya hapo, kikakaa kimya mpaka ardhini. Kiwashe, ila fungua mwenyewe na ufungue juu, mita 1,500 na kuendelea.

Swali: Mimi mdada mfupi, suti za kuazima zote zinanizidi, nikunje mikono ya suti?
Jibu: Usikunje dada. Mkono wa suti ukiwa mrefu kiganja kinazama ndani na hutashika kitu. Subiri ya saizi yako au upimwe ushonewe.

Swali: Nikianza kuzunguka?
Jibu: Kunja mabawa yote mara moja, mikono kifuani, magoti juu, jikunje. Ukitulia endelea, ila ukiwa umefika urefu wako wa kufungua usipambane tena, fungua.

Swali: Mlangoni mabawa nayafungua saa ngapi?
Jibu: Toka yakiwa yamefungwa. Ukifungua mapema unainuka na mkia wa ndege uko nyuma yako hapo hapo. Subiri mkia upite juu yako, hesabu moja, mbili, ndo unafungua.