Pampu ya chaji kwenye BMS (bodi inayolinda betri): hesabu karenti yake kabla hujaongeza mosfeti

Wakuu, mosfeti za N (swichi za kielektroniki; geti ni pini ya kuwashia, sosi ni mojawapo ya pini zinazopitisha umeme) ukiziweka upande wa chanya wa betri, geti lazima liwe juu ya sosi kwa volti 10 hivi ndo ziwake kisawasawa. Sasa betri ya LFP (lithiamu-chuma-fosfeti) ya seli 16 ikijaa ni volti 58.4, kwa hiyo geti linataka karibu 69 na betri yenyewe haina hizo volti, ndo maana chipu kama BQ76952 ya Texas Instruments ina pampu ya chaji ndani yake, inapandisha volti kidogo kidogo kama mtu anajaza tenki la juu kwa kikombe. Kikombe chenyewe kidogo sana.

Tuchukulie pampu yako inatoa mikroampia 50. Anza na kinachovuja. Mimi kwenye betri ya bajaji niliweka mosfeti 4, kila moja na resista ya 470k kutoka geti hadi sosi, nikaona 470k mbona kubwa tu, kumbe zote 4 kwa volti 11 zinakula mikroampia 94! Pampu ikazidiwa, geti likakaa volti 5 na kitu, mosfeti zikawaka nusu zikachemka hadi mkono haushiki, na mimi siku mbili nzima nalaumu chipu. Nikaweka za 10M, uvujaji ukashuka hadi mikroampia 4.4 na joto likaisha.

Halafu angalia Qg, yaani chaji ya kujaza geti, kwenye datashiti. Ikiwa 150 nC (nanokulombu) kila moja, 4 ni 600 nC, na hizo pampu peke yake ingezijaza kwa milisekunde 12, muda mrefu mno kwa mosfeti kukaa nusu imewaka huku inabeba mzigo. Chaji ya kuwashia inatoka kwenye kapasita ya pampu: ukiweka 470 nF volti zinashuka kama 1.3, ukiweka 1 µF zinashuka 0.6 hivi. Ila 1 µF nayo inachukua milisekunde 220 kujaa, na uvujaji unaongeza muda huo, so programu yako isubiri kwanza ndo iwashe.

Na tafadhali usichaji kapasita za inverta kwa kuwasha na kuzima hizi mosfeti haraka haraka, mara 1000 kwa sekunde ni mikroampia 600, pampu haiwezi kabisa. Weka resista ya prichaji (ya kuzijaza taratibu kabla ya kuwasha) na mosfeti yake pembeni.

Ukimaliza pima geti kwa sosi, usipime geti kwa graundi, maana multimita ya 10M ikipima volti 69 inakula karibu mikroampia 7, kwa sosi inakula 1.1 tu. Pima mzigo ukiwa umewashwa, ukiona chini ya volti 9 rudi kwenye uvujaji, na usisahau mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) kwenye bodi, yakishika unyevu nayo yanavujisha.