Kubadilisha gia za difu kwenye Mustang GT: kutoka 3.31 kwenda 3.73 bila difu kulia

Wakuu, naona watu wenye Mustang GT za 2011 mpaka 2014, zile za injini ya lita 5.0, wanamwaga hela nyingi kwenye ekzosi na filta ya hewa wakati gari za manyo nyingi zilitoka kiwandani na difu ya 3.31, yani gia ndefu za kubana mafuta. Ukiniuliza mimi, cha kwanza kugusa ni krauni na pinioni, yani gia kubwa ya ndani ya difu na ile ndogo ya propela inayoizungusha. Injini haiongezeki nguvu hata kidogo ila ile iliyopo inafika kwenye tairi ikiwa imezidishwa zaidi, na tofauti utaisikia mgongoni siku ya kwanza tu.

Hesabu ni rahisi. Resho ya 3.73 maana yake krauni ina meno 41 na pinioni 11, propela inazunguka mara 3.73 ndo tairi izunguke mara moja. Ukitoka 3.31 unaongeza msukumo kwa karibu asilimia 13 kwenye kila gia, na mizunguko ya injini nayo inapanda asilimia hizohizo. Kwa giaboksi ya manyo ya spidi sita na tairi za 255/40 rimu 19, ukiwa haiwei namba sita kwenye kilomita 110 kwa saa, injini ilikuwa inazunguka karibu 1,830, sasa itakuwa kama 2,060. Hiyo haikusumbui kabisa.

Sasa kuna wanaokimbilia 4.10 kwa sababu namba ni kubwa. Sikiliza hapa. Marekani magari wanayapima kwa 0 hadi maili 60, ambayo ni kama kilomita 97 kwa saa. Ukiwa na 3.73 namba mbili inakufikisha karibu 100 kwenye mizunguko 7,000, kwahiyo unafika bila kubadili tena. Ukiweka 4.10 namba mbili inaisha kwenye 91 hivi, inabidi uchomeke namba tatu kabla hujafika na muda unapotea hapohapo. Gari la barabarani 3.73 inatosha, 4.10 waachie wa mbio za robo maili wenye tairi za kushika kweli.

Kabla hujafungua chochote uwe na vitu hivi: krauni na pinioni mpya, na hizi zinauzwa pea, usichanganye ya huku na ya kule, seti kamili yenye beringi, sili, shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), nati mpya ya pinioni na krashi slivu (kibomba kinachobonyea unapokaza nati), dayo geji (kipimo cha mshale cha kupimia mchezo mdogo) yenye mguu wa sumaku, toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) kubwa, na nyingine ndogo ya mshale ya kupimia mzunguko wa pinioni, presi ya beringi na rangi ya kupaka meno. Kama huna dayo geji usianze. Kazi yote hii ni kupima, kufungua bolti ni sehemu ndogo sana.

Na kama umezoea difu za Hilux au Hiace zile unazichomoa nzima kwa mbele unaenda kuziseti mezani, hii ya Ford ya inchi 8.8 ni tofauti, mfuniko uko nyuma na kila kitu unakiseti ndani ya ekseli yenyewe gari likiwa juu.

Nyanyua gari uliweke kwenye stendi imara, jeki peke yake hapana. Toa tairi, kalipa, diski na sensa za ABS, alafu tia alama kwenye propela na flanji yake ili irudi ilivyokuwa. Fungua mfuniko oili imwagike, toa bolti ndogo inayoshika pini ya katikati, chomoa pini, sukuma havu shafti kwa ndani na kile kiklipu cha umbo la C kitadondoka, ndo uvute shafti nje. Zile kepu mbili za beringi za pembeni zitie alama kulia na kushoto na juu na chini, zimechongwa pamoja na bodi ya difu kwahiyo zikibadilishana nafasi umeharibu. Shimu za pembeni nazo weka kila moja upande wake.

Kwenye pinioni ya zamani, chini ya beringi kubwa kuna shimu. Itoe uipime kwa maikromita, anza na unene huohuo kwenye pinioni mpya. Hapa kuna kitu kidogo kitakuokoa sana, chukua beringi ya zamani ya saizi hiyo uisage kwa ndani mpaka iteleze kwa mkono kwenye pinioni. Hiyo ndo ya kujaribia, unaingiza unatoa, unabadili shimu bila kwenda kwenye presi kila mara na kuharibu beringi mpya. Wakati wa kujaribu usiweke krashi slivu, kaza nati taratibu mpaka pinioni izunguke kwa uzito kidogo tu.

Krauni mpya ifungwe kwa bolti mpya na gundi nyekundu ya nyuzi, kaza kwa kupishana mpaka karibu 105 Nm. Irudishe ndani, funga kepu kwa kipimo hichohicho, alafu weka dayo geji kwenye jino na upime mchezo kati ya krauni na pinioni. Ford wanataka 0.20 hadi 0.38 mm, ila karatasi iliyokuja na gia zako ndo ya kufuata kwanza. Pima sehemu nne za krauni. Mchezo ukiwa mkubwa unahamisha shimu ili krauni isogelee pinioni, na unachopunguza upande mmoja ukiongeze upande wa pili, la sivyo beringi za pembeni zitalegea.

Sasa rangi. Paka meno matatu manne pande zote mbili, zungusha krauni huku na huku ukiwa umeikazia kidogo kwa kitambaa, alafu angalia alama iliyobaki. Unataka alama iwe katikati ya jino kati ya kilele na shina, upande wa kuvuta na upande wa kuachia gesi. Ikikaa juu kwenye kilele pinioni iko mbali, ongeza shimu. Ikizama kwenye shina imesogea mno, punguza. Hapa usichoke jamani, rudia hata kama ni mchana mzima, maana difu inayolia barabarani mara nyingi ni mtu aliyeona alama iko pembeni akasema itajiseti yenyewe. Haijiseti.

Ukiridhika piga presi beringi mpya na shimu uliyoipata, weka krashi slivu na sili mpya na ukaze nati. Itachukua nguvu nyingi, si chini ya 190 Nm ndo slivu ianze kukubali, na kuanzia hapo nenda kidogokidogo huku unapima uzito wa kuzungusha. Beringi mpya inatakiwa 1.8 hadi 3.3 Nm. Ukipitiliza usilegeze nati, toa slivu uweke nyingine mpya. Bunduki ya upepo ya kufungulia nati weka mbali kabisa.

Rudisha krauni, pima mchezo tena na rangi tena, kisha havu shafti na mfuniko. Oili ni 75W-140 ya sinthetiki, na kwa vile elsidi yake (LSD, kifaa cha kuzuia tairi moja kuzunguka peke yake) ni ya klachi ongeza ile dawa ya klachi karibu mililita 118, bila hiyo itagugumia kwenye kona.

Kompyuta ya gari bado inaamini una 3.31, kwahiyo spidomita itadanganya mpaka uingize resho mpya kwa tyuna ya mkononi, kile kifaa cha kubadili mipangilio ya kompyuta. Kwa otomatiki ni lazima zaidi maana hata kubadilisha gia kutavurugika.

Safari ya kwanza endesha polepole dakika 15 hadi 20, simama difu ipoe kama nusu saa, rudia mara kadhaa. Usikanyage mpaka chini kwa kilomita 800 za mwanzo, alafu mwaga oili uweke mpya. Ukisikia mluzi unapovuta tu au unapoachia gesi tu, fungua uangalie alama za meno upya, na kama ni ngurumo isiyokatika muda wote anza na beringi.