Ukimkuta mtoto amelala stendi: namna ya kuidai halmashauri imtafutie pa kukaa

Hapa Moshi, mtu akikuta mtoto amejikunyata kwenye maboksi pale stendi, wazo la kwanza ni kumkimbiza kituo cha yatima. Huo ni mlango wa pili. Wa kwanza ni halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa wajibu wa kumpa msaada na mahali pa kukaa mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Zungumza naye. Mnunulie chai na chapati, mkae mahali pa wazi. Usianze na "Kwa nini umetoroka?" Muulize bibi yake anaitwaje, kwao siku ya soko ni ipi, sweta la shule lilikuwa rangi gani. Mtoto anaweza asijue kata yao, ila sweta analijua. Mtoto mmoja niliyemsaidia alirudi Rombo kwa sababu mwalimu fulani alilitambua sweta tulilomweleza.

Hatua ya 2: Toa taarifa siku hiyohiyo. Mchana nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii. Usiku, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni bure. Usimlaze kwako kimyakimya. Ndugu wakitokea kesho wakasema umemwiba, utajieleza vipi?

Hatua ya 3: Andika barua. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza. Mara ya kwanza nilimpeleka kijana ofisini kwa mdomo tu. Nikaambiwa, "Sawa dada, tutalishughulikia." Baada ya siku tatu nikamkuta palepale stendi, na ofisini hakuna aliyekumbuka kwamba nilifika.

Sasa naandika ukurasa mmoja: nimemkuta wapi, saa ngapi, amesema nini, ana umri gani, ana jeraha au homa? Kisha: "Naomba apatiwe mahali pa kukaa kwa mujibu wa kifungu cha 94." Usiandike "chokoraa". Sheria inamwita mtoto, nawe mwite hivyo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Muhuri ule una nguvu kuliko kelele zako zote za mapokezi.

Hatua ya 4: Fuatilia. Baada ya siku mbili, rudi na nakala yako. Uliza mambo mawili: ndugu wameanza kutafutwa? Na leo analala wapi? Jibu linaweza kuwa kwa ndugu, kwa mlezi wa kuaminika, au makao ya watoto yenye leseni. Makao yanayojiheshimu yatadai barua ya ustawi wa jamii kabla ya kumpokea, ndiyo maana nikasema kituo ni mlango wa pili.

Naulizwa sana kuhusu watu wazima. Uingereza, Sheria ya Nyumba ya 1996 inazibana halmashauri hata kwa mtu mzima asiye na makazi, hasa mjamzito au mwenye watoto. Kifungu chetu hiki kinaishia kwa mtoto.

Ila mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ukiambiwa "huyu mbona kidume kizima", na yeye ana miaka 17 na ndevu zake, mwonyeshe afisa umri ulioandika kwenye barua.