Kusimba folda moja kwenye kompyuta kwa VeraCrypt, hatua kwa hatua

Mteja akiniletea laptopu kutengeneza, mara nyingi hunipa na nenosiri la Windows kwenye kikaratasi, akiamini kwamba bila hilo nisingeona kitu. Sivyo. Fundi yeyote anaweza kuchomoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine na kufungua folda zote bila kuulizwa lolote. Mwizi naye anaweza. Hata kuchomoa si lazima: flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, inatosha kuwasha mashine hiyo na kusoma kilichomo. Ikiwa diski haijasimbwa, yaani yaliyomo hayajageuzwa yasisomeke bila nenosiri au ufunguo, nenosiri la kuingilia linamzuia tu anayewasha kompyuta kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo nawahimiza watu wasimbe, hasa wanaotunza mambo ya wengine: mhasibu wa SACCOS mwenye nakala za vitambulisho vya wanachama, mwalimu mwenye matokeo, wakili, muuguzi wa zahanati. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Folda moja iliyosimbwa vizuri ni mwanzo mzuri.

Kwanza achana na njia zisizolinda. Kuweka alama ya "Hidden" hakusimbi chochote. Vile vifaili vya .bat, yaani vya amri za Windows, vinavyosambazwa mitandaoni kwa sifa ya kufunga folda hubadilisha jina la folda na kuificha tu, na nenosiri lenyewe limeandikwa wazi ndani ya faili hilohilo; lifungue kwa Notepad utaliona. Ile "Encrypt contents to secure data" ya Windows inasimba kweli, ila haifanyi kazi kwenye toleo la Home, na ufunguo wake umefungamana na akaunti yako. Ukishaingia, yeyote atakayekalia kiti chako anafungua bila kuulizwa kitu. Tena ukipiga Windows upya bila kuhifadhi cheti cha ufunguo, mafaili hayo ndiyo yamekwenda.

Ninayotumia ni VeraCrypt. Ni ya bure, msimbo wa programu yenyewe uko wazi kwa yeyote kuukagua, inakubali Windows, Mac na Linux. Ilianza mwaka 2013 kutokana na TrueCrypt, ambayo watengenezaji wake waliiacha mwaka 2014. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi. Usiichukue kwenye flashi ya rafiki wala kwenye tovuti za programu zilizovunjwa.

Lielewe jambo moja kabla hujabofya: VeraCrypt haisimbi folda uliyonayo. Inatengeneza faili moja kubwa, sanduku tupu, ambalo ukilifungua kwa nenosiri linaonekana kama diski mpya kwenye kompyuta. Mafaili yako unayahamishia humo.

Hatua ya 1. Bofya folda yako kitufe cha kulia, ingia "Properties", usome ukubwa wake. Panga sanduku la mara mbili au tatu ya hapo, kwa sababu halitakua lenyewe likijaa. Kwa nyaraka za kawaida GB 2 hadi 5 zinatosha.

Hatua ya 2. Fungua VeraCrypt, bofya "Create Volume", chagua "Create an encrypted file container", kisha "Standard VeraCrypt volume".

Hatua ya 3. Sasa itakuuliza sanduku liwekwe wapi, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Bofya "Select File", nenda kwenye Documents, kisha andika jina jipya kabisa, mfano hesabu.hc. Usichague faili lililopo. Wengi huchagua ile Excel yao wakitarajia isimbwe, kumbe VeraCrypt inaifuta na kuweka sanduku tupu mahali pake. Ukiona onyo kwamba faili hilo lipo tayari na litabadilishwa, kataa na urudi nyuma.

Hatua ya 4. Kwenye aina ya usimbaji acha AES, njia ya kusimba, na SHA-512, njia ya kuchakata nenosiri, kama zilivyo. Zinatosha. Andika ukubwa ulioupanga, uhakikishe umechagua GB na si MB.

Hatua ya 5. Nenosiri. Usimbaji wa AES hauvunjwi kwa kubahatisha. Kinachobahatishwa ni nenosiri, maana watu huweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Ukiandika herufi pungufu ya 20, VeraCrypt itakuonya, na onyo hilo lisikilize. Njia ninayoipenda ni maneno sita yasiyohusiana, yaliyopatikana kwa kufungua kamusi ovyo ukurasa baada ya ukurasa: kinu tarishi pweza mfereji goti shubiri. Huo ni mfano, usiutumie. Usitumie pia methali, aya ya kitabu cha dini wala mstari wa wimbo, kwa kuwa maneno yanayojulikana na kila mtu ndiyo yanayojaribiwa mapema. Muhimu ni maneno yatoke kwa bahati, usiyachague kwa kupenda.

Andika nenosiri hilo kwenye karatasi, ulitunze nyumbani pamoja na vyeti na hati zako, mbali na begi la laptopu. Ukilipoteza hakuna wa kukusaidia. Hakuna kitufe cha kulirudisha, na fundi anayekuahidi kulifungua sanduku hilo kwa malipo anataka hela yako tu.

Hatua ya 6. Chagua mfumo wa mafaili: exFAT, kwa sababu FAT haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kisha chezesha kipanya ndani ya dirisha mpaka ule mstari wa chini ujae rangi ya kijani. Mwendo huo unasaidia funguo zitoke kwa bahati, zisitabirike, kwa hiyo usiuharakishe. Bofya "Format", ikimaliza bofya "Exit".

Hatua ya 7. Kulifungua: kwenye dirisha kuu chagua herufi, mfano M, bofya "Select File", chagua hesabu.hc, kisha "Mount" na uandike nenosiri. Itasubirisha kidogo. Haijakwama: inachakata nenosiri lako mara 500,000, na anayejaribu kubahatisha atasubirishwa hivyohivyo kwa kila jaribio. Ikikubali, diski M itaonekana kwenye "This PC". Nakili mafaili yako humo, ufungue mawili matatu kuhakikisha ni mazima.

Ukimaliza kazi, funga mafaili yote kisha bofya "Dismount"; matoleo mengine yameandika "Unmount". Sanduku likiwa wazi halilindi kitu. Ingia "Settings", kisha "Preferences", uweke lijifunge lenyewe kompyuta inapolala au baada ya dakika kadhaa bila kazi.

Hatua ya 8 ndiyo inayorukwa na wengi: ile folda ya zamani bado ipo. Kuifuta na kumwaga Recycle Bin hakutoshi, programu za kurudisha mafaili zinaweza kuyafufua. Ukishaifuta, kwenye diski ya zamani inayozunguka, HDD, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike cipher /w:C:\ ambayo hufuta kwa kuandika juu ya nafasi zote zilizo wazi. Inaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku na chaja ikiwa imechomekwa. Kwenye SSD, diski mpya zisizozunguka, njia hii si ya kutegemea, kwa jinsi SSD inavyogawa data ndani yake. Mwenye SSD ni bora aunde sanduku mapema na kuhifadhi humo tangu mwanzo. Pitia na Downloads, na nakala ulizojitumia WhatsApp.

Halafu nakala ya akiba. Umeme ukikatika sanduku likiwa wazi, linaweza kuharibika kama diski nyingine yoyote. Lifunge, unakili hesabu.hc lote kwenye flashi au diski ya nje. Limesimbwa, hata flashi ikipotea hakuna neno. Kwenye "Tools" bofya "Backup Volume Header" vilevile, maana kichwa cha sanduku, sehemu inayotunza funguo zake, kikiharibika hata nenosiri sahihi halitafungua.

Kama haja yako ni kumtumia mtu folda mara moja, 7-Zip, programu ya bure ya kubana mafaili, inatosha: chagua muundo wa 7z, weka nenosiri, tia tiki kwenye "Encrypt file names", umtajie nenosiri kwa kumpigia simu. Kwa kazi za kila siku haifai, kwa kuwa faili ukilifungua kutokea ndani yake huacha nakala ya muda nje.

Mwenye Mac ana kifaa tayari: Disk Utility, "File", "New Image", "Image from Folder", achague AES ya biti 256 na muundo wa "read/write". Anapolifungua, asikubali lile pendekezo la kukumbuka nenosiri kwenye keychain, hifadhi ya manenosiri ya Mac, la sivyo Mac italifungua kwa yeyote aliyekaa mbele yake.