Kupima Mbegu za Kiume: Kazi Inaanza Kabla Hujafika Maabara

Wanaume wengi hufika dirishani kwetu wa mwisho. Mke ameshatolewa damu, ameshapigwa picha ya kizazi, ameshameza vidonge vya miezi, ndipo mume anajitokeza. Ningekuwa na uwezo ningeigeuza foleni hiyo, maana kipimo cha manii hakina sindano wala kisu. Kina masharti tu, na mengi yako mikononi mwako, si mwangu mimi ninayekaa na hadubini.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga manii kwa namna yoyote, hata ndotoni. Wapo wanaojizuia wiki 3 wakidhani wanaweka akiba. Wanachoongeza zaidi ni mbegu zilizochoka na zilizokufa.

Kama uliugua homa kali miezi 3 iliyopita, niambie. Mbegu huchukua siku 70 na ushei kutengenezwa, kwa hiyo homa ya mwezi jana naweza kuiona leo kwenye kioo cha hadubini. Niambie pia kama unachoma testosteroni, homoni ya kiume, kujaza misuli. Sindano hizo huzima kiwanda cha mbegu, na watu hushtuka sana wakisikia hivyo.

Hatua ya 2: Toa sampuli

Kojoa, nawa mikono na uume, suuza sabuni yote, jikaushe. Kisha toa manii kwa mkono, moja kwa moja ndani ya kikopo ulichopewa. Mate, mafuta na vilainishi vinadhuru mbegu. Kondomu za kawaida nazo hazifai. Ikiwa njia hii inakukwaza kiimani, uliza mapema, zipo kondomu maalumu za kazi hii.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: tone la kwanza. Mbegu nyingi hutoka mwanzoni kabisa, kinachofuata ni maji ya tezi kwa sehemu kubwa. Niliwahi kupokea sampuli yenye mbegu chache mno, nikamuuliza mwenyewe kama kuna iliyomwagika. Akaangalia chini, akasema, "Kidogo tu, ile ya mwanzo." Aliporudia bila kumwaga kitu, karatasi ilisoma kama ya mtu mwingine. Ikikuponyoka, sema. Hakuna atakayekucheka, tumeyaona yote.

Hatua ya 3: Ilete upesi

Ukitolea nyumbani, nipate ndani ya saa 1, na dakika 30 ni bora zaidi. Kikopo kikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kisitiwe barafu wala friji, na kisiachwe kwenye gari juani. Andika saa uliyotoa, si saa uliyofika.

Hatua ya 4: Ninachofanya mimi

Manii mabichi ni ute mzito, hivyo nasubiri yayeyuke, kwa kawaida ndani ya dakika 30. Napima ujazo na asidi, kisha naweka tone kwenye kioo. Mbegu nyingine hunyoosha mbele kama viluwiluwi, nyingine zinazunguka duara, nyingine zinatikisa mkia bila kwenda popote. Nahesabu zote, halafu napaka rangi nione maumbo. Nisipoona hata moja, naizungusha sampuli kwenye mashine na kuchunguza mashapo yaliyotuama chini kabla sijaandika "hakuna".

Hatua ya 5: Soma karatasi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mipaka ya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo zuri asilimia 4. Hiyo 4 huwatoa watu jasho: "Kumbe 96 ni mbovu!" Ndivyo wanaume walivyo, hata wenye watoto. Mipaka hii ilitoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka 1, na katika kila kipengele 5 kati ya 100 walikuwa chini yake. Kuwa chini si utasa, na kuwa juu si hati ya kupata mtoto.

Hatua ya 6: Yakiwa mabaya, rudia

Majibu ya mwanaume mmoja hupanda na kushuka, kwa hiyo usihukumiwe kwa kikopo 1. Yakirudi vilevile, daktari atakupapasa korodani akitafuta mishipa iliyovimba, atapima homoni kwa damu ya asubuhi, na pengine ultrasaundi. Ikiwa unafika kileleni na hakitoki kitu, au ni matone tu, utaombwa mkojo wa baada ya hapo, maana manii yanaweza kurudi nyuma kibofuni. Pale mbegu zisipoonekana kabisa, swali ni moja: mirija imeziba, au hazitengenezwi? Matibabu yake ni tofauti. Nenda na karatasi zote 2 kwa daktari, hata ile ya kwanza uliyotaka kuichana.