Kupanga nyumba Dar ukiwa na mbwa au paka

Dar es Salaam kodi hulipwa kwa mkupuo, aghalabu miezi sita na pengine mwaka mzima, na juu yake kuna mwezi mmoja wa dalali. Anayeingia na mbwa kimyakimya akitumaini mwenye nyumba atamzoea anaweka rehani fedha zote hizo. Ruhusa itafutwe kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Mtaje mnyama kwenye simu ya kwanza, tena kwa ukamilifu: "Natafuta vyumba viwili na sebule, nina mbwa mmoja wa kienyeji, ana miaka minne, amehasiwa na kadi yake ya chanjo ninayo." Dalali atajibu "hakuna shida, bosi." Hiyo bado si ruhusa. Dalali hulipwa nyumba ikipata mtu. Malalamiko ya majirani hayamfikii yeye. Namba ya mwenye nyumba hatakupa, maana anahofia kurukwa. Mwombe basi ampigie ukiwepo, simu ikiwa kwenye spika, kabla hujatoa hela ya kuonyeshwa nyumba.

Kwenye nyumba za vyumba, choo na bomba vikiwa vya pamoja, usijisumbue kutafutia mbwa. Paka anaweza kukubaliwa. Mwenye mbwa atafute nyumba inayojitegemea ndani ya uzio. Goba, Madale, Bunju, Chanika na Kigamboni kuna viwanja vyenye nafasi, na wenye nyumba wengi wa pembezoni wanawahofia wezi. Huko mbwa anayebweka mgeni akigusa geti ni hoja ya kukutetea.

Ukiambiwa "sitaki wanyama", uliza kwa upole ni kitu gani hasa kinachompa wasiwasi, kwa sababu kila hofu ina jibu lake. Anayeogopa kung'atwa mwonyeshe kadi: chanjo ya kichaa cha mbwa huanza mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na tarehe iwe inasomeka. Karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi huwa na kampeni za chanjo, hivyo muulize afisa mifugo wa kata. Anayeogopa harufu ya paka dume mwambie amehasiwa. Asiyehasiwa hurushia mkojo kuta na milango, na harufu ile haitoki kirahisi.

Hofu ya dini usiibishie. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Jirani aliyekwisha kutawadha akipita ukumbini huku mbwa mwenye unyevu anajipangusa kwenye kanzu yake, ana haki ya kukasirika. Kama uwanja ni wa pamoja, sinia la mbwa lisioshwe kwenye bomba la wote, na mbwa asipite mlango wanaoutumia wengine. Hayo yasipowezekana, nyumba hiyo haikufai. Paka hana tatizo hilo. Yeye si najisi.

Mkikubaliana, yaandikwe. Ruhusa ya mdomo hufa siku nyumba inapouzwa au watoto wa mwenye nyumba wanapoanza kuisimamia. Sentensi moja kwenye mkataba inatosha: "Mpangaji anaruhusiwa kuishi na mbwa mmoja, dume, wa rangi ya kahawia, kwa muda wote wa mkataba huu." Ukitoa amana ya uharibifu, andikeni kiasi, itarudishwa ndani ya siku ngapi, na inagharamia nini. Siku ya kupewa funguo piga picha milango, kuta na hasa nyavu za madirisha.

Nyavu ndizo zinazogombanisha watu. Paka hupanda wavu wa mbu akimfuata mjusi, kucha zinanasa, na kwa wiki moja wavu una matundu ya kupitisha kidole. Mpe pa kukwaruzia: gogo la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 90, lizungushiwe kamba ya katani ya milimita 8 ikibanana, kama mita 40 hivi, kisha lipigiliwe juu ya ubao wa sentimita 50 kwa 50. Likiyumba hataligusa. Likiwa fupi pia hatalitaka, kwa kuwa anahitaji kujinyoosha mwili mzima.

Mkojo sakafuni usiumwagie Jik. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua. Kwenye vigae tumia siki na maji nusu kwa nusu, subiri dakika 15, kisha futa. Terazo huliwa na siki, basi hapo ni sabuni na maji tu.

Hamieni mchana. Mbwa alale ndani usiku wa siku tatu za kwanza, kwani akifungwa mnyororo mahali pageni atabweka hadi alfajiri na majirani watampigia simu mwenye nyumba kabla hujafungua mizigo. Paka mfungie ndani wiki mbili hadi tatu, na beseni lenye mchanga au maranda ya kina cha sentimita 5. Ukimfungulia mapema, na ulikohama ni karibu, atarudi kule kule.