Chokaa kwenye tandiko la vinili la bwawa
Ukijaza bwawa la kuogelea lililotandikwa vinili (plastiki laini inayozuia maji kuvuja) kwa maji ya kisima kirefu, kama wafanyavyo wengi hapa Uganda, huenda ukaona mstari mweupe usawa wa maji, unaokwaruza kidole kama msasa. Ni chokaa ileile inayoganda ndani ya birika la chai. Dondoshea tone la siki nyeupe: likitoa povu, siki itaiondoa.

Punguza maji kidogo tu, kwani tandiko likikauka juani hunywea na kuchanika. Kisha changanya siki na maji nusu kwa nusu, bandika kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi, usugue taratibu kwa sifongo laini na kusuuza. Chokaa nene hudai kurudiwa mara mbili tatu, wala usishawishike kuchukua steliwaya au kisu, maana tundu la vinili ni gharama kuliko doa. Asidi kali usiipake juu ya tandiko, na asidi yoyote, hata siki, isikutane na klorini ya unga, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Baadaye pima pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, uiweke kati ya 7.2 na 7.6, ikipanda zaidi, chokaa hurudi.